Geti la Pili, Mkono wa Kushoto

Mesa, Arizona
28 Mei 1971

Dada Arvilla,

Salamu nyingi kutoka kwenye tanuri hili. Joto limeshaanza, watoto wanashinda kwenye bwawa, nami nashinda nikiokota taulo. Natumaini wewe na shemeji Dell hamjambo, na bata mzinga wanaendelea kunenepa.

Nina habari. Garth anafunga kliniki yake ya meno kwa wiki tatu mwezi wa Julai, na tumeamua mwaka huu hatuendi baharini. Tunawapeleka watoto kwenye njia ya watangulizi wa kanisa letu, waliovuka nyika kwa mikokoteni, njia yote, kuanzia Nauvoo mpaka bonde la Salt Lake, tuingie mjini tarehe ishirini na nne siku ya gwaride la kuwakumbuka. Kimball ana miaka kumi na miwili na juzi nimegundua anadhani mababu zake walivuka nyika kwa garimoshi. Nilitaka kulia.

Na tunataka kumchukua Mama. Ana miaka sabini na minane, Dada, na hajawahi kufika lilipo kaburi la Maren. Mtoto wa nyanya yake mwenyewe, yuko kule Wyoming miaka zaidi ya mia, na hakuna hata mmoja wetu aliyesimama pale. Tutapita kwenu tarehe mosi Julai kumchukua Mama.

Ningependa sana twende wote. Nimepanga viti kila namna: Garth na mimi, watoto sita, Mama. Hapabaki pa kuweka hata mkoba. Najua utaelewa.

Ombi moja. Ile ramani yako ya shamba la Wyoming, utunakilie. Wewe ndiye unayejua mahali penyewe, sisi tungezunguka kama kuku.

Mdogo wako,
Merlene


Spring City, Utah
4 Juni 1971

Mdogo wangu Merlene,

Barua yako niliipata Jumatano, nikamsomea Mama mezani. Kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza alikuwa ameshasimama, anauliza sanduku lake la bluu liko wapi. Mwezi mzima kabla ya safari! Sasa sanduku liko mlangoni, kila mgeni analikwaa, na kila anayelikwaa anahadithiwa. "Merlene wangu ananipeleka." Juzi alimwambia askofu. Jana alimwambia mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Miaka tisa niko naye nyumba moja, sijawahi kumwona akipanda ngazi kwa kasi ile.

Ramani utapata. Ila ujue unachopewa. Miaka kumi na moja nimeandika barua. Nimeandikia makanisa ya Denmark kutafuta jina la mtoto, nimeandikia wenye mashamba kumi na wanne wa Wyoming, wawili wakanijibu kwa matusi. Mzee Rusk ndiye aliyeniandikia mwaka juzi kwamba analo rundo la mawe kando ya mierebi, na kwamba baba yake alimkataza kulilima kwa sababu wenye mikokoteni walizika mtoto pale. Nililia jikoni mpaka Dell akadhani kuna aliyekufa. Nikamwambia ndiyo, mwaka 1857.

Nilikuwa nimepanga kumpeleka Mama mwakani baada ya kuuza bata, sisi wawili tu. Sikukuambia, na wewe hukuuliza.

Haya, njia yenyewe: ukishapita pengo la mwamba la Devil's Gate, uendelee na barabara kuu hadi uone kinu cha upepo kilichovunjika. Geti la pili baada ya kinu, ingia, ugeuke kulia, ufuate waya wa uzio wa ng'ombe mpaka mierebi. Maili mbili na nusu, basi.

Mama avae kofia hata akigoma. Dawa ya moyo asubuhi, kabla ya chakula. Asile vitamu. Maji kila saa, na umwangalie akimeza, kwa sababu ni mjanja.

Kuhusu viti nimeelewa. Gari letu lina viti vitatu vitupu kila Jumapili tukienda kanisani, kwa hiyo shida hiyo siijui.

Dada yako,
Arvilla


Kadi ya posta, Nauvoo, Illinois
5 Julai 1971

Arvilla mwanangu,

Nimeuona Mississippi. Mpana kuliko tulivyosimuliwa! Garth amenibeba mgongoni kushuka mpaka ukingoni mbele za watu, watoto wakapiga makofi, nikacheka mpaka meno ya bandia yakanitoka. Asubuhi tulikula aiskrimu. Ndiyo, asubuhi. Janeal ananisuka kila siku mtindo mpya, leo nafanana na binti wa kwaya. Sijastarehe hivi tangu baba yenu afariki. Mwambie Dell kuku wangu wasilale na njaa.

Mama yako,
Hulda Thorup


Omaha, Nebraska
7 Julai 1971

Dada yangu,

Tumefika Winter Quarters, kambi ya zamani ya watangulizi. Watoto walikuwa wanapigana gari zima kuanzia Iowa, lakini tulipoingia makaburini walinyamaza wenyewe. Mama alikaa kwenye benchi akasoma majina yote kwa sauti, moja moja, na Trudy wetu wa miaka mitano akawa anarudia nyuma yake kama yuko darasani. Watu waliokuwa pale walivua kofia.

Halafu kulikuwa na mkokoteni wa mfano, vijana wanaruhusiwa kuuvuta. Janeal, ambaye tangu tuondoke amenuna kama kabati, aliuvuta hatua ishirini akasema, "Na Ane Kirstine, mama yake Maren, aliuvuta huu akiwa na mimba?" Mama akamwambia, "Akiwa na mimba, na mtoto juu, na mume mwenye kuhara." Tangu hapo binti amekuwa mtu.

Sasa nikuambie siri, ingawa Garth alitaka uione kwanza kwenye picha. Tumebeba jiwe la kaburi! Liko nyuma chini ya mablanketi tangu Mesa, granaiti ya kijivu, zito mpaka gari linakaa kama bata aliyeatamia. Limechongwa hivi: MAREN, 1856–1857. JIWE HILI LIMEWEKWA NA FAMILIA YA DKT. GARTH HASLAM, MESA, ARIZONA. Garth ataliweka wakfu kwa sala, na mtu mmoja wa gazeti amesema huenda akaja kutupiga picha na Mama katikati. Nilimwonyesha Mama jiwe jana. Alilipapasa yale maandishi, akasema itakuwa siku kubwa kuliko arusi yake.

Casper tunafika tarehe kumi na nne, na asubuhi yake tunaelekea shambani. Kama una neno la nyongeza tuandikie kwa posta ya Casper, nitaulizia dirishani.

Wako,
Merlene


Spring City
10 Julai 1971

Merlene,

Jiwe ni zuri. Hongereni. Mmefikiria kila kitu.

Neno la nyongeza ni hili. Mzee Rusk ameniandikia tena wiki hii na kumbe nilimwelewa vibaya. Ni geti la pili, mgeuke mkono wa kushoto, si kulia. Mfuate njia ya magari mpaka iishe. Ni mbali kidogo, itaonekana kama mmepotea, lakini msikate tamaa.

Msalimie Mama. Mwambie kuku wanakula.

Arvilla


Spring City
13 Julai 1971
YA HARAKA

Merlene,

Barua yangu ya Jumamosi ichome. Ni KULIA. Kulia, kama ramani ilivyosema tangu mwanzo. Rusk hakuniandikia chochote. Kushoto hakuna kitu, yeye mwenyewe aliniambia zamani kwamba ni mchanga na makorongo makavu, hata ng'ombe hapeleki.

Nilitunga. Nilipoyasoma maneno ya kwenye jiwe lile nilihisi mtu amenimwagia maji ya moto kifuani. Miaka kumi na moja, Merlene, na jina langu halimo hata kwa herufi ndogo. Nikaona picha gazetini, Mama katikati, nyinyi wote pembeni. Nilitaka mzunguke, mkose, mchoke, jiwe lirudi Mesa chini ya mablanketi yake. Sikufikiria zaidi ya hapo, naapa. Niliandika, nikalamba bahasha, nikatembea mpaka posta huku naimba.

Jumapili kanisani sahani ya mkate wa sakramenti ilinifikia nikaipitisha bila kula. Dell akaninong'oneza, "Unaumwa?" Nikamwambia tumbo. Jana nilijaribu kuwaza namna ya kuwapata. Nipige simu, nimpigie nani? Mnalala kwenye hema. Karani wa posta anasema barua hii itafika Casper Alhamisi. Nyinyi mtakuwa bado mnapakia mizigo, Garth huchelewa siku zote. Namwomba Mungu achelewe.

Arvilla


Lander, Wyoming
17 Julai 1971

Dada Arvilla,

Jana Garth alimpigia simu Dell akamwambia Mama amechoka na amelazwa kidogo. Mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo, kwa sababu simu yenu mnachangia na majirani na sikutaka Ivaloo jirani yenu asikilize na kuijua habari kabla yako. Ukweli uko hapa. Kaa chini kwanza.

Alhamisi tuliondoka Casper alfajiri. Garth alikuwa na haraka, ya kwanza katika ndoa yetu. Saa nne asubuhi tukawa kwenye geti la pili. Akatoa ramani yako. "Inasema kulia." Nikamwambia, "Barua mpya inasema kushoto." Tukabishana pale pale injini ikiwaka. Mama yuko kiti cha mbele na kofia yake, akasema, "Arvilla akisema kushoto ni kushoto. Huyo hajakosea tangu azaliwe, ndiyo maana anachosha." Watoto wakacheka. Tukaenda kushoto.

Maili saba. Njia ikawa mistari miwili kwenye nyasi, halafu ikawa hakuna. Garth akasimama, akasema tunarudi. Mama akamgeukia. "Ameandika tusikate tamaa, au hakuandika?" Nikasema ameandika. "Basi endesha." Tukaenda maili nne nyingine, Dada, kwa sababu uliandika wewe. Kisha tukashuka kwenye korongo la mchanga na gari likazama mpaka tumboni. Jiwe lilikuwa nyuma, zito. Tulilishusha, wapi. Kila Garth akikanyaga mafuta gari linazidi kujichimbia.

Garth akaondoka kwa miguu. Mimi na Janeal tukafunga mablanketi kwenye milango tupate kivuli. Hakuna mti. Hakuna hata kichaka cha kumficha sungura. Tulikuwa na jagi moja la maji, kwa sababu mwendo wa maili mbili na nusu nani anabeba mapipa? Niligawa kwa kikombe, kila mtu kidogo. Nilikumbuka ulivyoniambia, nikamwangalia Mama akiinua kikombe kila mara. Saa tisa Trudy akaniambia, "Mimi sina kiu, Bibi ananipa na cha kwake." Nikamgeukia. Mama alikuwa hatoki jasho tena. Ngozi imekauka kama karatasi ya mkate. Alinitazama akaniambia maneno ya Kidenmarki, na unajua Mama hajasema Kidenmarki tangu Nyanya afe. Nilimshika mkono nikawa namwitikia ndiyo, ndiyo, bila kujua ananiuliza nini.

Garth alirudi saa kumi na moja na mzee Rusk kwenye lori lake. Mguu wa Garth ulikuwa umechubuka mpaka soksi imegandana na nyama. Tukamlaza Mama juu ya magodoro nyuma ya lori mpaka hapa Lander.

Daktari anasema ni figo. Anaamka, anakunywa, analala. Leo kanijua jina. Hajaniuliza tuko wapi.

Rusk anasema yeye alikuambia kulia. Nimemwambia ni mzee amesahau, dada yangu hakosei mambo kama hayo. Nimefikiri siku mbili na naona kosa ni langu: nadhani niliyahesabu mageti vibaya, nikaingia la tatu. Nilikuwa nawatuliza watoto nyuma, sikuwa makini. Ulinikabidhi Mama mzima, na kofia yake na dawa zake, nami nikampeleka jangwani kama mzigo.

Nisamehe, Dada. Usije, hakuna pa kulala. Nitaandika.

Merlene


Spring City
20 Julai 1971

Merlene,

Hukuhesabu vibaya. Lilikuwa geti sahihi, mkono usio sahihi, na mkono huo niliuandika mimi kwa makusudi.

Hakukuwa na barua ya Rusk. Niliwatumia nyingine tarehe kumi na tatu kukanusha. Naona mlishaondoka Casper ilipofika. Humo nimeeleza kila kitu, kama itawahi kukufikia. Ikiwa haikufika, sababu ni hii: niliyasoma maneno ya kwenye jiwe nikaona wivu mpaka nikaacha kuwa mtu. Sina sababu nyingine nzuri zaidi. Nimeitafuta.

Dell nimemweleza leo asubuhi. Aliweka ndoo ya chakula chini, akakaa juu yake, akasema, "Kuna watoto sita mle ndani ya gari, Villa." Tangu hapo anazungumza na bata.

Jana baada ya kusoma barua yako nilivaa koti nikaenda mpaka Mount Pleasant kupanda basi. Nilikata tikiti. Basi likaja, dereva akanifungulia mlango, nikasimama pale. Akaniuliza, "Unapanda mama, au unanipungia mkono?" Nikarudi nyumbani kwa miguu. Sikuogopa wewe wala Garth. Niliogopa Mama akinitazama atajua bila kuambiwa.

Unajilaumu kwa kosa langu na unaniomba msamaha. Sijawahi kusoma kitu kilichoniuma kama hicho. Usiniombe tena.

Fanya utakavyo na barua hii. Mpe Garth. Mpe askofu wangu, anwani unayo.

Arvilla


Lander
23 Julai 1971

Arvilla,

Barua zako zimenifikia zote mbili siku moja, ya tarehe ishirini na ile ya haraka, ambayo posta ya Casper ilituletea huku. Nimeziweka pamoja kwenye benchi la hospitali nikalinganisha tarehe. Kwa hiyo najua ulijuta kabla hujajua kilichotokea. Hilo nimeliona. Halijanitosha, lakini nimeliona.

Nilitoka nje nikatembea kuzunguka jengo mara nne. Nilikuwa nakutukana kwa sauti. Muuguzi mmoja aliyekuwa amekaa ngazini alisogeza miguu ili nipite, mara zote nne.

Trudy ana midomo iliyopasuka mpaka leo. Nataka ujue hilo ukiwa unakula.

Na sasa nikuambie langu, kwa sababu nikiliacha litaniozea. Gari lilikuwa na nafasi. Janeal alikuwa amepata kazi ya kiangazi, alilia siku mbili akiomba abaki kwa shangazi yake Garth. Nilimlazimisha aje ili viti vijae. Nilitaka nikuandikie kwamba hakuna nafasi, na isiwe uongo.

Unajua kwa nini? Mama akinipigia simu Krismasi anazungumza dakika tano, nne ni za Arvilla. Arvilla amegundua lilipo kaburi, Arvilla ameshona pazia, Arvilla hanipi sukari. Watoto wangu wanne wamezaliwa Mama akiwa kwako, na kadi zilizokuja zilikuwa na mwandiko wako. Ulikuwa unaniandikia kila mwezi jinsi alivyocheka mezani, na mimi nilikuwa nazichana barua hizo kabla Garth hajazisoma. Nilitaka wiki tatu. Nilitaka wanangu wawe na bibi wiki tatu ambazo wewe humo. Na hata humo garini, kila mji, "Arvilla angependa hapa." Nebraska nzima! Usiku mmoja nilimwambia, "Mama, mimi ni Merlene." Akasema, "Najua, mpenzi, kwani nimesema nini?"

Kwa hiyo tuko wawili. Ila mimi sikumweka mtu jangwani.

Sikusamehe leo. Kesho ni gwaride la Salt Lake na watoto wataliona kwenye televisheni ya wodini. Jumatano lazima tuondoke, Garth arudi kazini, na watoto wameshachoka na nchi hii. Mama hawezi kusafiri bado. Panda hilo basi, Arvilla. Mama hajui chochote. Anadhani ni mimi niliyepotea, na ananipapasa mkono kunifariji. Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako.

Merlene


Spring City
8 Agosti 1971

Mdogo wangu Merlene,

Siku niliyofika Lander, zile dakika kumi pale penye magari ya hospitali, Garth alinishika mkono bila kunitazama, na nilimstahi kwa hilo. Uliniachia funguo za sanduku la Mama na ukaondoka. Kwa hiyo unayo haki ya kujua yaliyofuata.

Nilimwambia Mama siku ileile. Nilikuwa nimepanga kungoja ale kwanza, lakini alinitazama akasema, "Una uso wa mtu aliyevunja bakuli," nikamwaga yote. Jiwe, barua, kushoto, posta. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Toka nje."

Siku mbili hakunipokelea hata kikombe. Muuguzi akiingia anakula, nikishika kijiko mimi anafumba mdomo kama mtoto. Nilikaa kwenye kiti koridoni. Siku ya tatu akaita, "Arvilla! Leta viatu." Nikamwambia daktari hajaruhusu. "Nimeomba viatu, sikuomba daktari."

Daktari aliruhusu Jumapili, nusu siku tu, na mzee Rusk akaja na lori. Mlimwachia jiwe ghalani kwake. Alilipakia kwa mbao na kamba, akatupeleka. Geti la pili, kulia, tukafuata waya. Ni karibu sana, Merlene. Dakika kumi na tano. Mierebi ipo, rundo la mawe lipo, limefunikwa na ukoga wa rangi ya machungwa, na kuna maji yanayosikika huyaoni. Miaka kumi na moja nimepachora mahali pale kichwani, na katika michoro yangu yote nilikuwa nimesahau kuweka upepo.

Mzee Rusk akashika sururu. Mama, kutoka ndani ya lori, akasema, "Mwache achimbe mwenyewe." Akaniambia nilitelemshe jiwe mwenyewe pia. Nililiburuta kwa kamba kutoka kwenye lori mpaka pale, nadhani hatua arobaini, nikipumzika kila hatua tano. Rusk alikuwa anageuza kofia mikononi kwa aibu. Nikachimba. Nikalisimamisha. "Limeinama," Mama akasema. "Chimba zaidi." Nikalitoa, nikachimba, nikalirudisha. "Sasa soma."

Nikasoma. Yote, mpaka Dkt. Garth Haslam, Mesa, Arizona. Neno "familia" nililisoma harakaharaka. Akanisomesha tena.

Sala ya wakfu hakuna aliyeitoa, nimeiacha kwa Garth, mwambie. Mama alishuka, akaniegemea begani kwa sababu hapakuwa na bega lingine, akasema jina la mtoto kwa matamshi ya Nyanya. Mara moja tu. Halafu akasema ana njaa.

Tukiwa njiani kurudi akaongea bila kunitazama. "Miaka tisa wewe umeniweka kama vyombo vya kabatini. Merlene akanitoa wiki mbili, akanizungusha kama mshindi wa maonyesho ya kilimo. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kupakuliwa. Nimewachoka wote wawili. Lakini wewe ndiye uliyetaka kuniua kidogo, kwa hiyo naanza na Mesa." Mzee Rusk alikohoa mpaka nikadhani tutaingia mtaroni.

Nilimwambia Mama nitambembeleza asiende. Akasema, "Jaribu." Nimejaribu wiki nzima. Anakuja kwako, Merlene, mpaka Pasaka, na baada ya hapo anasema ataona.

Nilikuwa nadhani nikikiri wivu utaisha, ndivyo tunavyofundishwa. Haujaisha. Bado nina wivu. Nimeamka nao leo, nimekunja nao nguo zake, nimeuweka kando nikakunja tena. Janeal atamsuka nywele, Trudy atalala ubavuni kwake, na Krismasi simu itapigwa kutoka huko kuja huku na mimi nitapewa dakika tano. Nimefikiria hizo dakika tano zaidi ya ninavyopaswa. Lakini safari hii nimefikiria tu.

Tutakuja kwa basi Jumatatu tarehe thelathini. Linafika Mesa saa nne asubuhi. Uwe pale mapema kwa sababu hapendi kungojea. Basi la kurudi ni saa sita, na mimi nitarudi nalo. Ukitaka nibaki kula, niambie. Usiponiambia sitauliza.

Dada yako,
Arvilla


Mesa
14 Agosti 1971

Arvilla,

Nitakuwa kituoni saa tatu na nusu. Garth atakuwa kazini, amesema mwenyewe kwamba bora awe kazini, usimchukie. Trudy anajua unakuja na ameuliza kama wewe ni yule mama mkubwa wa kushoto. Nimemwambia ndiyo. Jiandae, ana maswali.

Nitapika. Tikiti ya kurudi kata ya Alhamisi.

Si zaidi ya Alhamisi.

Merlene